UZI: Mlima Mrima, leseni ya 2013, na kaya iliyookolewa na karatasi iliyokosekana

#1

Wadau salam. Tangu hawa wageni wa madini adimu waanze kupiga hodi tena Kwale naona watu wanaposti habari za Mrima kila siku, na kila nikisoma naona mambo yanachanganywa. Kuna wanaosema serikali ilishinda kesi ya kampuni ya Cortec iliyotaka kuchimba mlima huo, kwa hivyo kaya iko salama, kuna wanaosema serikali ilimuonea mwekezaji ikabahatika tu. Mimi ni karani kwa wakili hapa Mombasa, nyanya yangu mzaa mama kazaliwa chini ya huo mlima na bado anaishi huko, na hukumu nimezisoma, zile za hapa nyumbani na ile ya Washington. Ni ndefu, kwa hivyo naandika kwa mafungu, mnivumilie.

Nianze na mahali penyewe. Mrima si mlima wa kutisha, ni kilima cha mita mia tatu hivi kutoka usawa wa bahari, kimesimama peke yake huku kusini mwa Kwale ukielekea mpakani, kuzunguka chini kuna mihogo, mahindi, mikorosho na minazi halafu ghafla unakuta ukuta wa msitu. Ndani ni kaya. Kwa wasio wa Pwani, kaya ni makao ya zamani ya Mijikenda, yale makabila tisa ya Pwani ya Kenya tukiwemo sisi Wadigo, watu waliishi ndani ya msitu kwa ajili ya usalama, baadaye wakatoka wakaenda kulima lakini makaburi yakabaki, mahali pa kuomba pakabaki, na msitu ukawa haukatwi. Sisi Wadigo wengi wetu ni Waislamu na bado mvua ikikataa wazee wanajua pa kwenda. Nyanya alitufundisha tukiwa wadogo kwamba kule hata ukuni ulioanguka wenyewe hutoki nao, unauacha uoze palepale.

Na chini ya huo msitu ndiko kwenye shida. Mrima ni mwamba wa volkano ya kale, tangu miaka ya 1950 wanajiolojia walishajua kuna niobi, ile inayotiwa kwenye chuma kikawa kigumu, na kuna haya madini adimu yanayotengenezewa sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. 2013 kampuni ilitangaza mali ya chini inafika dola bilioni 62 na zaidi. Hiyo ni hesabu yao wenyewe, thamani ya kitu kikiwa bado ardhini, si pesa ya mfukoni, lakini namba kama hiyo ikishasemwa haifutiki vichwani mwa watu.

#2

Sasa sheria. Kile kilima kimoja kimevalishwa kanzu tatu. Ni msitu wa serikali, ni hifadhi ya asili, na ni eneo la kumbukumbu ya kitaifa chini ya Makumbusho ya Taifa. (Kaya za Kwale zilianza kutangazwa kwenye Gazeti Rasmi 1992. Ile orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO ya 2008 ni nyingine, Kinondo imo, Rabai imo, Mrima haimo, na hili watu hulikosea sana.) Kwa hivyo anayetaka kuchimba pale anatakiwa apite kwa watu wa misitu, apite kwa Makumbusho, apate kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, cha tathmini ya athari kwa mazingira, halafu ndio Wizara ya Madini.

Kilichotokea ni hivi. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 4 Machi 2013. Siku tatu baadaye, tarehe 7, nchi nzima macho kwenye runinga inasubiri matokeo, Kamishna wa Madini akatoa Leseni Maalum ya Uchimbaji nambari 351 kwa Cortec Mining Kenya. Leseni ikatoka, zile ridhaa nyingine hazijapatikana. Agosti mwaka huohuo waziri mpya wa madini, Najib Balala, akafuta leseni zaidi ya arobaini zilizotolewa kipindi kile cha mwanzo wa mwaka, na ya Mrima ikiwemo.

Kampuni ikaenda mahakamani Nairobi, ikashindwa 2015. Ikakata rufaa, ikashindwa 2017. Na huku kesi ya Nairobi ikiendelea, wakaipeleka Kenya kwa wasuluhishi wa kimataifa, ICSID, kituo cha Benki ya Dunia kilichoko Washington, kwa kutumia mkataba wa kulinda uwekezaji baina ya Kenya na Uingereza wa 1999. Walidai zaidi ya dola bilioni 2. Hebu ifikirieni hiyo pesa kwa shilingi, halafu mfikirie kaunti yetu ina hospitali ngapi.

Tarehe 22 Oktoba 2018 jopo likaamua Kenya hailipi kitu, na kampuni ikaamriwa ichangie gharama za Kenya. Wakaomba uamuzi ubatilishwe, Machi 2021 wakakataliwa.

#5

> "Sasa serikali inatoa leseni yenyewe halafu inasema leseni ni batili, si ndio kujifaidisha na kosa lako mwenyewe?"

Swali zuri sana hili na ndilo mawakili wa kampuni walilolisimamia. Walisema sisi tulishughulika na afisa wa serikali, ametupa karatasi yenye muhuri, tumetia pesa, huwezi kugeuka leo.

Jibu la jopo, nalisema kwa maneno yangu, ni kwamba kamishna hana uwezo wa kusamehe kile ambacho Bunge limekiweka kuwa sharti. Sheria ikisema kibali cha mazingira kwanza, ridhaa ya wenye msitu na wenye kumbukumbu kwanza, basi muhuri wa kamishna peke yake haufufui kitu. Leseni haikufutwa Agosti kwa maana haikuwahi kuzaliwa Machi. Na kitu kisichokuwepo huwezi kudai umenyang'anywa.

Na angalieni jambo hili maana hata mawakili wengine hulipita: ule mkataba wa Kenya na Uingereza hauna maneno yanayosema uwekezaji lazima uwe umefuata sheria za nchi. Hayamo. Jopo ndilo lililosema kwamba hata kama hayakuandikwa, mkataba hauwezi kuwa ulikusudia kulinda uwekezaji unaovunja sheria za msingi za nchi mwenyeji. Lakini wakaongeza kwamba si kila kosa dogo linakuvua ulinzi, inapimwa uzito wa kosa. Na hapa ndipo Mrima ilipoingia kwenye mizani, kwa sababu ilikuwa ni sehemu yenye ulinzi wa aina tatu, ni msitu, ardhi yake yenyewe ina mionzi ya asili iliyo juu kuliko kawaida, kuruka tathmini ya mazingira mahali kama pale si sawa na kusahau kulipia stempu.

Kwa hivyo ndio, urithi ulisaidia. Lakini uliingia kama sababu ya kulifanya kosa la makaratasi lionekane kubwa. Hakuna mahali mle ndani waliposema kaya haichimbwi. Rudieni kusoma mara ishirini hamtaona.

#6

Hili ndilo linaloninyima usingizi na ndilo limenifanya nifungue uzi. Kaya yetu haikushinda ile kesi. Kilichoshinda ni karatasi zilizokosekana. Wazee wa kaya hawakuwa washtaki wala washtakiwa, aliyesimama mbele ya jopo kusema Mrima ni mahali patakatifu ni ileile serikali ambayo ofisi yake moja ilishaitia sahihi Mrima ichimbwe. Mwekezaji wa kesho si mjinga, hukumu hiyo kaisoma kuliko mimi. Atakuja na NEMA mkononi, na barua ya misitu, na barua ya Makumbusho, zote zina muhuri. Siku hiyo hukumu ya 2018 itamsaidia yeye, haitatusaidia sisi.

#9

> "Mkuu unatisha watu. Makaratasi yakiwa kamili maana yake Makumbusho imekubali, na Makumbusho haiwezi kukubali kitu kama hicho."

Ndugu yangu, twende Australia kidogo maana kule lilitokea jambo ambalo mtu wa Kwale anapaswa kulijua.

Kaskazini magharibi kule kunaitwa Pilbara, nchi ya chuma. Kuna bonde linaitwa Juukan Gorge, lilikuwa na mapango mawili ya wenyeji wa asili, watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura. Utafiti ulionyesha binadamu wameyatumia mapango yale kwa miaka 46,000. Kampuni ya Rio Tinto ilikuwa inapanua mgodi wake wa Brockman 4. Ikaomba kibali cha kuyavunja mapango chini ya kifungu cha 18 cha sheria ya urithi wa Waaborijini ya 1972 ya jimbo la Australia Magharibi, ikapewa Desemba 2013. Mwaka uleule wa leseni ya Mrima. Na kibali hiki kilikuwa halali kabisa, hakikukosa kitu.

Sasa sikilizeni. 2014, baada ya kibali kutoka, wakaruhusu wanaakiolojia wachimbue haraka kile kinachoweza kuokolewa. Wakatoa vitu zaidi ya 7,000. Kimojawapo ni kipande cha mkanda uliosukwa kwa nywele za watu, umri wake miaka 4,000, na walipopima vinasaba vikaoana na watu wa jamii ileile walio hai leo. Yaani ni nywele za bibi zao. Sasa ungedhani mtu akishapata kitu kama hicho anarudi kwa waziri anasema tumekosea, tusimamishe. Sheria ya wakati ule haikuwapa wenye mapango mlango wa kurudi. Mwenye kuomba kibali ndiye alikuwa na njia ya rufaa akinyimwa, mwenye mapango hakuwa nayo.

Tarehe 24 Mei 2020 wakalipua. Baadaye ikajulikana kampuni ilikuwa na michoro minne ya kupanua mgodi, mitatu kati ya hiyo ingeyaacha mapango, na wenyeji hawakuambiwa. Walichagua ule wa nne kwa sababu ulifikia tani milioni 8 zaidi za mawe ya chuma, kama dola milioni 135 za Australia. Bunge likachunguza, mkuu wa kampuni na wakubwa wawili wakaondoka, mwenyekiti naye akafuata. Mapango ndio yashakuwa vumbi.

Jimbo likatunga sheria mpya 2021, ikaanza kazi Julai 2023, wakulima na wenye mashamba wakapiga kelele kwamba ni ngumu, na wiki tano tu baadaye serikali ikatangaza inaifuta na kurudisha ile ya 1972 ikiwa na marekebisho. Angalau katika marekebisho hayo wenyeji sasa wana haki ya kuomba uamuzi upitiwe upya, na anayepata habari mpya kuhusu mahali analazimika kusema. Haya mawili ndiyo yaliyokosekana Juukan.

Kwa hivyo ukiniambia makaratasi kamili yanatosha, mimi nakuonyesha Juukan. Kule yalikuwa kamili.

#12

> "Hizi ni siasa za watu walioshiba. Vijana wa Kwale hawana kazi, mizimu itatulisha? Base walikuja wakajenga shule, wakaajiri."

Nakujibu kwa heshima kwa sababu binamu zangu wawili wanasema maneno hayohayo tukikaa kula. Sikatai njaa. Base Titanium, kampuni ya madini ya titani hapa Kwale, walichimba mchanga wao tangu 2013 mpaka Desemba 2024 ukaisha, na kweli watu walipata ajira na barabara. Lakini ule mchanga ulikuwa kwenye mashamba, watu wakahamishwa wakalipwa, na hata hapo kuna manung'uniko hadi leo. Mgodi uliishi miaka kumi na moja. Kaya hailipwi ikahamia kwingine, huwezi kumng'oa mzee aliyezikwa ukampa ploti mbele. Na mimi sijasema hapa asichimbe mtu kamwe popote Kwale. Nimesema kwa Mrima mwenyewe aulizwe kwanza, na akisema hapana iwe ni hapana.

#13

Kuhusu kuulizwa, niwasimulie kitu nilichokiona kwa macho yangu. Kulikuwa na kikao kijijini, sitataja ni watu gani walikiitisha. Niliomba ruhusa kazini nikaenda kwa sababu nyanya alinipigia simu akasema njoo unisomee. Tukakuta hema, viti vya plastiki, soda na biskuti. Mgeni akaongea nusu saa kwa Kiingereza, kijana mmoja akatafsiri kwa dakika tano. Kabla ya soda ikapitishwa karatasi ya mahudhurio na kidau cha wino. Wazee wakaweka dole gumba mmoja mmoja, nyanya naye, wanafuta kidole kwenye leso wanapokea soda.

Nikaomba niione ile karatasi. Juu imeandikwa kwa Kiingereza kwamba waliotia sahihi wameelezwa mradi na wameshirikishwa. Si kwamba wamehudhuria, ni kwamba wameshirikishwa. Nikamwambia nyanya kwa Kidigo kilichoandikwa, akanyamaza, akaangalia kidole chake, bado kilikuwa cha zambarau. Akasema, "Mimi nilidhani ni ya soda."

Sasa karatasi kama ile ndiyo inaingia kwenye faili kama kiambatisho. Miaka mitano mbele jopo la Washington au jaji wa Nairobi anafungua faili anaona dole sabini, anasema jamii ilishirikishwa, sharti limetimizwa, tuendelee. Ndiyo maana sitaki kusikia tena mtu ananiambia kaya inalindwa na utaratibu.

#17

> "Katiba ya 2010 si inalinda utamaduni? Kwa nini usiende na Katiba moja kwa moja?"

Katiba yenyewe ndani yake kuna mvutano, fungueni muone. Ibara ya 62 inasema madini yote ni ardhi ya umma, na misitu ya serikali pia ni ardhi ya umma. Ibara ya 63 inasema ardhi ya jamii ni pamoja na ile inayotumiwa na jamii fulani kama msitu wa jamii, malisho au mahali pa ibada ya jadi. Haya niambieni Mrima ni ipi? Chini ni ya umma kwa sababu ya madini, juu ni ya umma kwa sababu ni msitu wa serikali, na katikati pale wazee wanapokaa kuomba ni ya jamii? Watu wengi wanadhani mgongano ni wa sheria ya madini na sheria ya makumbusho tu, kumbe uko mpaka juu kabisa. Ibara ya 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, maneno mazuri, lakini sijaona kesi ya Mrima ikiamuliwa kwa ibara hiyo.

Na Sheria ya Madini ya 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni ya 1940, haikuondoa shida. Kwenye maeneo yaliyolindwa bado inazungumzia ridhaa ya mamlaka inayohusika. Mamlaka, yaani ofisi. Ofisi inaongozwa na mtu anayeteuliwa, na 2023 serikali hiyohiyo imetangaza orodha ya madini 14 ya kimkakati, niobi imo, madini adimu yamo. Mtu wa Makumbusho anaandika barua ya kukataa huku bosi wa bosi wake anasema hayo ni madini ya kimkakati? Wapo wenye moyo huo, nimewaona watu wa Makumbusho huku Pwani wanaotembea na wazee kwenye jua wakihesabu miti, nawaheshimu sana. Lakini huwezi kuuweka urithi wa watu juu ya ujasiri wa mtu mmoja mwenye familia.

#18

Kama mnaniuliza ninataka nini basi ni haya. Ridhaa ya wazee wa kaya iandikwe kwenye sheria ya makumbusho kama sharti linalojitegemea, si kiambatisho cha NEMA. Isomwe kwa lugha yao, na wawe na haki ya kuirudisha mahakamani ikipatikana habari mpya, kama Australia walivyoongeza baada ya kuchelewa. Na ramani ya leseni za madini ionyeshe kaya zote, zile za UNESCO na zisizo za UNESCO, ili mtu wa Nairobi akibofya Mrima aone rangi nyekundu kabla hajapokea ombi. 2013 kila ofisi ilikuwa na daftari lake.

#22

> "Mpaka wa kaya uko wapi hasa? Mjomba wangu analima karibu na msitu na kila mtu anasema lake."

Hapo umegusa penyewe ndugu. Kilichotangazwa kwenye Gazeti ni ukubwa na mpaka wa kwenye ramani, ardhini kuna bikoni za zege na nyingine zimefunikwa na magugu, nyingine mtu kazing'oa. Mwezi uliopita nilizunguka upande mmoja na mzee mmoja wa kule, kashika panga, kavaa kaniki yake, asubuhi nzima tukaona bikoni mbili. Ya tatu tuliikuta imelazwa chini ya mkorosho inatumika kama kiti. Yeye mpaka wake anaujua kwa miti, alinionyesha mvule na akaniambia kuanzia hapa vua viatu. Nikavua.

Jumatatu naenda kutafuta nakala ya tangazo la Gazeti lenye vipimo, na nimeongea na mpimaji mmoja rafiki yangu mwenye GPS nzuri amekubali kuja bila malipo tukimpa nauli na chakula. Mjomba wako aje pia, na yeyote anayelima kandokando, tuweke alama mbele ya kila mtu. Wenye nafasi Jumamosi ya wiki ijayo niandikieni inbox. Njooni na maji ya kunywa, na kina mama njooni na kaniki, nyanya anazo mbili tu za kuazima.